Mfalme Agomea Zamu ya Kufagia Ngazi

Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi wa Jumba la Maigizo,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima kuliko mimi. Naishi jengo moja na mwigizaji wenu, Bw. Gisbert Wollenhaupt, anayesifiwa magazetini kwa kuweza kila kitu: kuigiza, kuimba, kupuliza tromboni. Akipewa nafasi ya mhusika katika igizo huja nayo nyumbani na kuishi nayo mpaka igizo liishe. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Huyu ameshika saba, hajaponyokwa na hata moja, na tunaoumia ni sisi majirani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hapa kwetu Swabia kila mpangaji ana wiki yake ya kufagia ngazi. Kibao cha zamu huning'inizwa mlangoni pake, naye hufagia. Wiki yake ya kwanza Bw. Wollenhaupt alikuwa muuaji. Alifagia vizuri mno, mpaka kwenye pembe, bila kuacha alama yoyote. Sikupata usingizi.

2. Zamu iliyofuata alitoka akiwa askofu. Alibariki kila ngazi, na vumbi likabaki palepale. Nilipolalamika, Bi. Nothdurft wa ghorofa ya chini alinijia juu: "We Irmtraud, acha roho mbaya! Mwenzio leo nimepanda bila goti kuuma."

3. Tromboni. Baada ya chakula cha mchana ni saa ya kimya, hata mbwa wa hapa wanajua. Yeye adai hapigi, anajaribu pumzi tu. Pumzi hiyo imeangusha picha ya mama mkwe wangu ukutani. (Hili nalitaja kwa kumbukumbu tu, sidai chochote.)

4. Sasa ni mfalme. Nilipompelekea kibao akanitazama kwa huruma: "Ewe mama, tangu lini wafalme wakafagia?" Nikamwambia, "Mfalme au si mfalme, ndoo ile pale." Na aliyeichukua ndoo ni nani? Mume wangu, Eberhard!

5. Hapa ndipo penye kidonda. Eberhard aliendesha tramu miaka mingi, na tangu astaafu ameacha kusema nami. Hana hasira, amenyamaza tu. Chakula kikiwa kizuri hukohoa. Nilidhani ndio uzee, nikajizoeza, ingawa inaniuma sana. Lakini sasa kutwa yuko ngazini na mfalme wenu, ameshika kitabu cha igizo, anamkumbusha maneno, wanacheka! Nikitokeza wananyamaza wote wawili. Kumbe maneno anayo, ila mimi siyapati. Mwigizaji wenu ameniibia mume, na kwa watu wote aliokuwa, sijui nimshitaki yupi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Bw. Wollenhaupt apewe kazi moja ya kudumu: maiti. Maiti hakumbushwi maneno, hapulizi tromboni, wala hana cheo cha kukatalia ufagio. Hatakufa njaa, maana michezo ya upelelezi ya televisheni huhitaji maiti mpya kila Jumapili jioni. Akishindwa kabisa kuacha kuimba, aimbe moyoni.

Nisalimie mama wa tiketi, mafundi wa taa na wapiga fidla wote, hata yule anayesinzia. Sina kinyongo na mtu.

Ni mimi ningojaye haki,
Irmtraud Pfleiderer (Bi.)

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Eberhard akaingia. Akapiga goti, akanishika mkono uliojaa gundi, akasema, "Irmtraud, nyumba isiyo na sauti yako ni kuta tupu." Nilimwuliza kayatoa wapi. Akakiri ni ya mfalme kwa malkia, sehemu ya pili. "Yangu yalishakauka, mke wangu," akasema, "nikaona niazime." Nimelia mpaka nikacheka. Basi umaiti usimpe, na haya ya juu yachukulie kama hayakuandikwa. Ngazi nitafagia mimi. Ila nijibu upesi, Bwana Mkurugenzi: igizo hilo lina sehemu ngapi?