Kuomba Wimbo wa Mama Usimamishwe Mpaka Mpunga Uvunwe

Nasra Saidy,
Kidato cha Pili,
Mohoro, Rufiji.

Meneja wa Vipindi,
Redio Mkondo,
Kibiti.

Ndugu Meneja,

YAH: WIMBO "RUKA JUU" NA MADHARA YAKE KWA KILIMO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mitambo yako. Sisi hapa Mohoro ni wazima, isipokuwa mpunga, ambao nitaueleza hapa chini.

Mimi ni mtoto wa mwanamuziki Sijaona, ambaye wasikilizaji wako watu wazima wanamfahamu kwa jina la Sija Mawimbi. Zamani aliimba nyimbo za mapenzi za taratibu, na mpaka leo "Pete ya Shaba" hupigwa harusini bibi harusi anapotolewa ndani. Kisha nikazaliwa mimi, naye akaacha muziki akarudi kulima na Bibi. Hajawahi kunilaumu kwa jambo hilo. Bibi ndiye humsaidia kunilaumu.

Mwaka huu, tulipomaliza palizi, Mama alikwenda Mbagala kurekodi nyimbo za klabu, zile ambazo watu huzicheza taa zikiwakawaka. Aliniahidi kwamba mpunga ukianza kuinamisha vichwa atakuwa amerudi. Umeinamisha. Yeye hajarudi, kwa sababu "Ruka Juu" unapendwa, na unapendwa kwa sababu mnaupiga asubuhi, mchana na baada ya taarifa ya habari. Mwalimu Mwamini, anayetufundisha Kiswahili, husema malalamiko yasiyo na hoja ni kununa tu. Kwa hiyo naziweka hoja zangu kwa namba.

1. Wimbo huo unaanza na ukelele: "Haaya-hooo!" Pengine wewe unaishi mjini, hivyo nieleze. Huo ni ukelele wa kuamia ndege. Mpunga ukiiva, mtu hukaa juu ya dungu, yaani jukwaa la miti, katikati ya shamba, akapiga kelele na kurusha kombeo ili kweleakwelea wasiumalize. Sasa nikipiga ukelele huo, watoto wa mashamba ya jirani hawafukuzi ndege wao. Wanaitikia "Ruka juu!" na kucheza. Ndege nao wameelewa kwamba ni burudani. Wanatua, wanatazama, wanakula.

2. Dungu letu limevunjika mguu mmoja. Binamu yangu Husseini alikuja kunisaidia kuamia, wimbo ukaanza redioni, akaruka juu kama alivyoagizwa.

3. Hiren, mwenye duka liitwalo Ladha, ameweka spika nje. Nikienda kununua chumvi hupunguza sauti na kuita mbele ya watu, "Oya, mtoto wa staa! Chukua na pipi, staa hanywi uji mtupu!" Nalalamika kwamba jambo hili linanivunjia heshima. Pipi nimezila kwa sababu kukataa riziki si adabu.

4. Bibi yangu, Bi Sihaba, mara ya kwanza kuusikia alisema, "Mwanangu alikuwa akiimba watu wanalia. Leo anaimba kama nguruwe wameingia shambani." Nilidhani nimepata mtu wa kuniunga mkono. Lakini betri za redio zilipokwisha alitoa za tochi akazitia redioni, na tangu hapo tunakwenda chooni kwa kupapasa. Nikimuuliza, anasema anasikiliza ili ajue la kumkemea Mama.

5. Hoja hii inanigusa zaidi. Mtangazaji wako, Kaka Abdulaziz, alisema hewani, "Huyu mama amerudi kutafuta nini tena, si alishatuaga?" Mama hakumuaga mtu. Alikwenda shambani. Mtu akienda shambani haulizwi akirudi anatafuta nini. Siku hiyohiyo Kaka Abdulaziz alisema ukelele wa mwanzo si sauti ya mtu, bali umetengenezwa na mashine ya studio. Bibi aliirushia redio kandambili. Naomba nisieleze zaidi katika hoja hii.

6. Sasa tazama jambo lenyewe kwa upana. Mama mmoja aliyeacha kuimba akifanikiwa kurudi, na wengine watarudi. Ruaruke wapo, Chumbi wapo, kila kijiji kina mwanamke aliyewahi kuwa na sauti. Wote wakienda klabu, mashambani tutabaki sisi wa Kidato cha Pili, ambao tuna mitihani. Mpunga utaliwa na ndege, Dar es Salaam itakosa wali, na wanaoruka juu wataruka kwa njaa, nao hawatafika juu sana. Hapo hata klabu zitafungwa, na Mama atakosa kazi. Kwa hiyo utaona kwamba ninaomba kwa faida yake.

Kutokana na hoja hizo, naomba mambo mawili. Kwanza, wimbo usimamishwe mpaka tuvune. Pili, katika matangazo yenu ya vilivyopotea, baada ya vyeti na kabla ya mbuzi, mtangaze kwamba Sijaona wa Mohoro anatafutwa na mpunga. Msiseme anatafutwa na mimi. Atadhani ninaumwa.

Nisalimie fundi mitambo, mlinzi wa getini, dada anayesoma habari za mvua, na hata Kaka Abdulaziz, ingawa yeye mpe salamu fupi.

Ni mimi, mwenye malalamiko lakini si mwenye chuki,

Nasra Saidy

Nyongeza: Nimemsomea Bibi barua hii kabla ya kuifunga. Nilipofika hoja ya tano alisema, "Mwambie basi, mbona unazunguka?" Ukelele ule ni wangu. Msimu uliopita Mama alikuwa amekauka sauti, akanirekodi kwa simu nikiwa dunguni. Alisema atauweka mwanzo, ili kila atakaposimama kuimba niwe nimetangulia mimi. Kwa hiyo tafadhali msiusimamishe wimbo. Kaka Abdulaziz asahihishe hewani kwamba mimi si mashine, ataje jina langu lote, kisha aupige mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya waliochelewa. Hewa ikiwa safi mnasikika mpaka Mbagala. Mama akilisikia jina langu, huenda akaukumbuka mpunga. Na asipoukumbuka wiki hii, ndege nitawafukuza mwenyewe. Sauti ninayo.