Orodha Kamili ya Mabovu ya Nyumba Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya kodi ya majengo imefika. Imepanda maradufu! Wanasema nyumba yangu iko katika "hali nzuri sana". Nani kawaambia? Naishi humu mwenyewe, sijaliona hilo. Mke wangu kasoma, kavua miwani, kasema kodi ikibaki hivi anapangisha chumba cha nyuma. Chumba changu! Kina redio yangu, kiti changu, na mlango pekee nyumba nzima unaofungika kwa ndani.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaza fomu ya pingamizi. Sehemu ya sababu ina mistari minne tu, nimeongeza karatasi tatu. Bati linavuja sehemu sita. Dari ya sebuleni imeoza. Ukuta wa jikoni una ufa wa kuingiza kidole. Nimeandika mpaka mkono ukafa ganzi. Karani wa ofisi ya kodi kairudisha: hati ya nyumba ina majina mawili, lazima na mke asaini.

Jumatano, 5 Machi
Nilizikunja karatasi ionekane nafasi ya sahihi tu. Mke wangu kazikunjua. Kasoma zote, hakuruka hata nukta. Miaka tisa namwambia bati halivuji, ni jasho la bati. Ule ufa nilidai ni utando wa buibui. Sasa kauona mwandiko wangu, na chini yake nimeapa kuwa yote ni kweli. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakugomba! Kasaini, katoa nakala, kaitia mkobani, katoka.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi yuko juu ya bati tangu asubuhi. Anafuata orodha yangu, namba kwa namba. Kaniambia, mzee, sijapata mteja anayeeleza kazi vizuri hivi. Nimemsihi angoje mpaka mthamini wa ofisi ya kodi apite Jumatatu kukagua nyumba. Kasema anamsikiliza mama mwenye nyumba. Aliposhuka kunywa chai nikapanda kung'oa japo misumari miwili. Mke wangu akaondoa ngazi. Nimekaa huko juu hadi saa kumi.

Jumatatu, 10 Machi
Mthamini kaja. Nilikuwa nimemwaga ndoo ya maji sebuleni. Katazama dimbwi, katazama dari, nyeupe na kavu kabisa. Kauliza maji yametoka wapi. Nikasema yanapanda kutoka chini. Kaandika kitu. Tukafika chumba cha nyuma. Fundi kajilaza, redio yangu sikioni! Mke wangu akaeleza kwa upole kwamba hatukuwa na pesa ya kumlipa, kwa hiyo atakaa humo mwaka mzima. Mthamini kaandika tena: nyumba ina mpangaji. Kumbe nyumba yenye mpangaji hutozwa kodi kubwa zaidi! Nikakaa dimbwini.

Jumanne, 11 Machi
Naandikia jikoni, nimekalia ndoo. Usingizi sikuupata, lakini kosa nimeligundua: orodha ilikuwa fupi mno. Nimeanza pingamizi la pili. Choo, mabomba, madirisha, mlango wa mbele. Mabovu kumi na manne, nimeyapima yote kwa rula. Mke wangu kapita, kasoma nyuma ya bega langu, kaomba nakala. Hatimaye ananiunga mkono!