Siagi Haina Mishipa

Jumatatu, tarehe 4

Naogopa tangu alfajiri, ila ni woga wa mtu anayekaribia kutajirika. Miaka yote natengeneza majokofu ya watu. Sasa mkanda wangu wa kupunguza vitambi umekamilika. Sahani mbili za bati, za mraba, bomba la friji bovu, kidhibiti baridi cha jokofu la samaki. Mafuta ya mwili hufa kwa baridi kabla ngozi haijaumia. Nilisikia redioni, nusu ya kipindi, kisha umeme ukakatika. Nimejaribu kwa siagi. Imekuwa jiwe. Mshonaji wa chumba cha pili kachungulia, kasema siagi haina mishipa. Wivu tu.

Jumanne, tarehe 5

Nimejaribu kwa tumbo langu. Nimejidunga sindano: sisikii kitu. Nikaandika wosia. Jioni maumivu yakarudi, nikalia kwa furaha. Wosia nimeuchana, maana baiskeli nilikuwa nimemwachia shemeji.

Jumatano, tarehe 6

Mama mkwe kapata habari. Harusi ya bintiye mdogo ni Jumamosi, na gauni lake yeye mwenyewe halifungi. Nikamwambia chombo bado kiko kwenye majaribio. Akaniuliza binti yake nilipewa na nani. Basi nikamfunga mkanda, tukakubaliana robo saa. Kwa joto lile, ubaridi ukambembeleza, akasinzia. Sikuthubutu kumwamsha, mara ya mwisho nilipomwamsha alininunia mwezi mzima. Saa nzima! Nimekaa nasikiliza anavyopumua.

Kufungua, tumbo limepauka, gumu kama mlango wa friji. Sasa, friji likiganda huchokonoi barafu kwa kisu. Unazima, unaacha mlango wazi, unasubiri. Nikazima, nikafungua mlango wa chumba, nikasubiri na taulo mkononi, namwomba Mungu.

Alhamisi, tarehe 7

Hospitalini. Daktari kauliza nani kafanya haya. Mama mkwe, Mungu ampe maisha marefu, kasema aliegemea jokofu. Ngozi imeungua kwa baridi. Itapona, ila isiguswe. Tulipotoka akaniambia amenisitiri kwa ajili ya binti yake, na gauni lisipofunga Jumamosi, binti huyo anarudi kwao. Mke wangu kaanza kukunja nguo, wala hanitazami. Nampenda mke wangu. Sijapata kuogopa hivi.

Ijumaa, tarehe 8

Tumbo limevimba, tena kwa umbo la sahani: kona nne, hata alama za skrubu zinaonekana. Gauni sasa halipiti kabisa. Mshonaji kajitolea kulipanua bure. Kasema aliacha kitambaa cha akiba kwenye mishono tangu mwanzo, maana anamjua mteja wake. Ningekubali yaishe. Lakini nishindwe na cherehani?

Nimefikiri sana. Kilichovimbishwa na baridi kitanywea kwa joto. Hilo halihitaji redio. Nimemwambia mshonaji nataka kunyoosha shati la harusi, kaniazima pasi yake nzito. Mama mkwe kajilaza kidogo baada ya chakula. Safari hii sikurupuki. Nimeijaribu kwanza kwa siagi. Imeyeyuka vizuri sana.