Mbuzi Watatu wa Kujifunza Urubani

Jumatatu moja ya mwaka 1978, Rimberia alimwona Mzee Abduba kando ya uwanja wa ndege wa Isiolo, shingo imepinda, akiitazama ndege ya kubeba miraa ikipaa. Aliitazama mpaka ikawa nukta, kisha akaendelea kuitazama nukta. Rimberia akajua riziki imefika. Mzee alikuwa na ng'ombe wasiohesabika kule Kipsing, na Rimberia alihitaji dume mmoja tu wa mahari kabla ya Jumamosi, la sivyo babake Kinanu, mpenzi wake, angemwoza binti kwa mwalimu wa Maua.

Akavaa kofia ya rubani aliyoiokota Mungu anajua wapi, akasogea.

"Salaam aleikum, mzee. Mimi ni mwalimu wa kurusha ndege."

"Aleikum salaam. Kurusha ni kazi ama ni mchezo?"

"Kwa mtu kama wewe ni starehe tu. Jioni unapaa, unaangalia ng'ombe zako kutoka juu, unarudi kunywa chai. Huko juu baridi ni kali, utahitaji koti mzuri na saa ya mkono. Bei yangu ni dume moja."

Mzee Abduba alitazama tena angani. Alitamani kuruka tangu ujana wake, ila sasa alikuwa na miaka sitini, wake wawili na heshima mjini.

"Hii ni jambo kubwa," alisema. "Sisi jambo kubwa tunachinja mbuzi, tunasoma matumbo. Na mbuzi inaletwa na ule mtu anakuita safari."

Rimberia, Mmeru wa milimani, hakujua kama desturi hiyo ipo. Mbuzi kwa dume! Nusura acheke.

Sokoni alimpata mama mmoja, Kabale, aliyekuwa na mbuzi wanono. Bei yao ilipanda kulingana na haraka ya mnunuzi, na Rimberia alikuwa na haraka kubwa. Akaacha baiskeli yake, akaondoka na mbuzi mmoja.

"Matumbo yanasema pengine," Abduba alitangaza Jumanne, huku mtaa mzima wa Kiwanjani ukila nyama.

Jumatano, kwa mbuzi wa pili, ilikwenda saa yake ya mkono. Matumbo yakasema ndiyo, lakini kwa kunong'ona. Alhamisi, kwa wa tatu, likaenda koti lake.

"Sasa yamesema wazi," alisema Abduba. "Nijifunze. Kuja uwanjani Jumamosi."

Jumamosi asubuhi Rimberia alifika kwa miguu, akitetemeka kwa baridi, amebaki na kofia tu. Mzee Abduba akaja kwa baiskeli, amevaa koti, saa ikimetameta mkononi. Nyuma yake alitembea Kabale.

"Huyu ni dada yangu," alisema Abduba. "Na rubani wa miraa, yule pale ananingoja, ndiye atanifundisha. Nilimuuliza Jumatatu ile ile. Anasema hakujui."

"Lakini hizo vitu ni zangu!"

"Si ulinunua mbuzi?"

"Mbuzi ya Kabale!"

Kabale akafungua fundo la leso, akatoa masikio matatu makavu ya mbuzi, kila moja limechanjwa pembeni mara mbili.

"Hii ni alama ya kaka yangu. Hata mtoto wa hapa anaijua."

Siku tatu Rimberia alikuwa akimpelekea mtu mbuzi wake mwenyewe. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, na mawazoni akamwona mwalimu wa Maua akitabasamu.

Abduba alipanda ndege bila kugeuka nyuma. Kabale alibaki, macho yake kwenye kofia.

"Hiyo nayo unauza? Niko na mbuzi ingine."

Rimberia akaivua polepole.

"Kwanza, mama," alisema, "nionyeshe sikio yake."