Kifungu cha Saba na Gari la Askari Wastaafu

Jumatatu, Machi 4

Goti limevimba. Clarence Wojta alinipeleka hospitali ya askari wastaafu kule Madison, makao makuu ya jimbo, kwa gari lake, maana kaunti yetu haina gari la kazi hiyo. Saa tatu njiani! Mwingine angetumia saa moja na nusu. Clarence huendesha kama anayesindikiza jeneza, huku akitafuna samaki wa siki na kusimulia meli yake ya kivita. Mimi nilikuwa mpishi wa jeshi la nchi kavu. Akaniuliza kama viazi viliwahi kunirushia risasi. Akacheka peke yake mpaka tukafika.

Habari njema: Bunge la jimbo letu la Wisconsin linajadili mswada wa kurekebisha huduma za askari wastaafu. Kifungu cha saba kinaipa kila kaunti gari na dereva. Dereva huyo nitakuwa mimi. Clarence atakaa nyuma. Kimya.

Jumatano, Machi 6

Nimetunga marekebisho ya kifungu cha saba. Sentensi moja, sarufi safi: dereva awe askari mstaafu, awe ametimiza miaka sabini, na asiwe na kosa lolote la barabarani kwa miaka ishirini. Mimi nina sabini na miwili. Clarence ana sitini na tisa. Mtoto!

Nilimsomea Arlys, mke wangu. Akasema, mzee mzima, umeanza tena. Akanikumbusha kwamba kanuni yangu ya mwisho pale klabu ya askari wastaafu ilinitoa mimi mwenyewe kwenye uenyekiti. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Alhamisi, Machi 7

Kamati ya Seneti ilisikiliza wananchi. Clarence alinipeleka. (Goti.) Nilimpelekea msaidizi wa Seneta Brandl, mwenyekiti wa kamati, mfuko wa jibini mbichi, ile inayolia menoni. Akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Alisema, babu, sheria hainiruhusu kupokea hata kikombe cha kahawa. Nikaila yote mwenyewe kwenye foleni.

Kila msemaji hupewa dakika tatu, kisha taa nyekundu. Nilianza na mchuzi niliowapikia askari mia nne. Taa ikawaka kabla sijafika kifungu cha saba! Clarence, aliyenifuata, akasema yeye baharia hana maneno mengi, afadhali atumie dakika zake kusoma karatasi ya rafiki yake. Akaisoma yote. Kwa sauti nzuri. Seneta Brandl akasema hiyo ni heshima inayowastahili wazee. Clarence amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe!

Ijumaa, Machi 15

Mswada umepita, sentensi yangu ikiwa ndani. Jioni klabuni, wakati wa samaki wa kukaanga wa Ijumaa, niliwatangazia wote. Clarence alininunulia bia. Nusura nimhurumie. Nusura.

Alhamisi, Machi 21

Leo Gavana alisaini. Kwa desturi hutumia kalamu nyingi, na kila moja hupewa mtu aliyeuhangaikia mswada. Clarence aliondoka saa moja asubuhi, akanikaribisha garini. Nilikataa; goti limetulia. Dereva wa kaunti habebwi! Niliondoka saa mbili. Saa tatu nikampita karibu na maghala ya mahindi, nikampigia honi. Ndefu.

Maili mbili mbele: taa za polisi.

Nilimweleza askari yule kijana kwamba naenda kushuhudia sheria yangu ikisainiwa. Akasema, hongera sana, mzee, akaniandikia kosa la mwendo kasi. Clarence akapita polepole, akipunga mkono.

Kwa hofu ya kosa la pili niliendesha polepole kuliko Clarence; nilipofika sherehe ilikuwa imekwisha. Clarence alikuwa na kalamu. Akanipa, akisema maneno ni yangu, basi na kalamu iwe yangu. Niliipokea kwa hasira.

Jumatatu, Aprili 1

Sheria imeanza kazi. Nilipeleka maombi ya udereva. Karani wa kaunti aliisoma sentensi yangu mara mbili, akanitazama juu ya miwani. Kosa la barabarani: siku kumi na moja zilizopita. Nikamuuliza, kwa dharau, ni nani basi anayefaa katika kaunti nzima. Akasema yuko mmoja, ametimiza miaka sabini juzi.

Juzi! Keki ya Clarence niliila mwenyewe, vipande viwili, nikaimba na wimbo.

Jumanne, Aprili 9

Gari jipya ni zuri. Safari ya hospitali, kwa goti lilelile: saa tatu na robo. Samaki wa siki. Meli. Nyuma alikaa Otto Pfaff, mwenye miaka tisini na mmoja, akitafuna vitunguu vibichi na kutaka madirisha yafungwe.

Lakini nimegundua pengo! Sheria haisemi ni nani mkuu wa safari. Nimetunga marekebisho mapya, kwa kalamu ya Gavana: abiria mwenye umri mkubwa kuliko wote ndiye atakayeamua kinacholiwa, kinachosimuliwa na mwendo wa gari. Safari hii hakuna mwanya hata wa sindano. Nimemzidi Clarence miaka miwili, na hilo hawezi kulibadilisha kwa keki.

Nilimsomea. Alisimamisha gari kando ya barabara ili acheke vizuri, kisha akaahidi kuipeleka karatasi Bungeni mwenyewe. Sijui kilichomchekesha. Mabaharia!