Waya wa Buluu Ijumaa ya Makambi

Njooni, akina mama wenye fagio na mabinti wenye kompyuta! Wekeni chini nyungo za wimbi, mtege masikio, msikie jinsi Nyanchoka wa Ekerenyo, jemadari wa kwaya, kitisho cha vumbi, alivyoingia vitani Ijumaa ya makambi, mkutano mkuu wa kanisa, jua likiwa limebaki kimo cha mgomba juu ya kilima.

Katika duka la bintiye Sheila walitawala wafalme wawili. Kompyuta ya Linux, mpole, alilinda kabati kuu la mafaili. Kompyuta ya Windows, mwenye makuu, ndiye pekee aliyetiiwa na printa. Lugha zao zilikuwa mbalimbali, lakini Sheila aliwapatanisha, akaweka mkalimani aitwaye Samba na waya mmoja wa buluu kati yao, wakawa wanakula sahani moja.

Ndani ya kabati lile ulilala wimbo mpya, beti sita, ambao waimbaji ishirini walikuwa hawajaukariri hata ubeti mmoja. Na Sabato ikishaingia jua linapozama, hakuna mkono utakaogusa printa.

"Fungua kabati!" Sheila akaiamuru Windows.

Windows ikajibu kwamba kabati halionekani. Binti akaandika nywila mara tatu, akaizima, akaiwasha, akamwita Samba aamke. Wapi!

"Ewe Windows mwenye kiburi," Sheila akanguruma, "jana ulikula na huyu Linux, leo humjui?"

Mlangoni akasimama Mzee Nyangate wa kanisa, aliyetumwa kuchukua karatasi za wimbo, akamgeukia Nyanchoka aliyekuwa kando ya bintiye. "Mama Sheila, washindani wetu, kwaya ya Ogembo, wameshavaa sare, wanapasha sauti. Sisi tutaimba nini? Tutafungua tu midomo?"

"Tulia, mzee," Nyanchoka akamjibu.

"Mimi nitatulia. Jua je? Na wewe Sheila, si utumie flashi?"

"Flashi zote Mama alizitupa chooni, mzee. Aliogopa virusi."

Nyanchoka akainamisha kichwa aombe. Na alipofumbua macho, Nyasae, Mungu wangu! Akauona waya wa buluu, umekunjwa vizuri kama kamba ya ng'ombe, umetundikwa kwenye msumari chini ya meza. Asubuhi, akiandaa duka kwa Sabato, waya ule ulimnasia fagio. Akauchomoa, akaupa pumziko.

Akinyamaza, lawama itabaki kwa Windows milele. Akisema, atajishtaki mbele ya binti ambaye yeye mwenyewe alimhubiria asubuhi ileile asiguse kitu kisicho chake.

Shujaa akasimama. "Sheila mwanangu, mwachilie Windows, hana kosa. Adui aliingia na fagio, na adui ni mimi mama yako!"

Akapiga magoti, akausukuma waya kwenye tundu lake. Tik! Taa ya kijani ikawaka, kabati likafunguka, na printa ikatema karatasi ishirini. Ya mwisho ilitoka jua likigusa kilima.

"Mama," Sheila akasema, "hata Ogembo wenyewe hawangeweza kutuzima hivyo."

Basi ijulikane toka Magwagwa hadi Ogembo kwamba beti zote sita ziliimbwa, na kwamba Linux na Windows walipatanishwa na mkono uleule uliowatenganisha. Nanyi akina mama, fagieni mpaka sakafu ing'ae, lakini waya ambao hamkuuchomeka ninyi, uzungukeni, au ulizeni kwanza.

Na ule msumari, Nyanchoka aliung'oa kwa mkono wake Jumapili asubuhi.