Prosesa niliyoijaribu siku ya posa ya dada

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. (Kanzu bado ninayo mwilini, lakini nayo imeharibika. Nitafika huko.)

Mnakumbuka ubishi wetu wa jana hapa kwenye grupu. Désiré alisema ukinunua kompyuta ya mtumba usiangalie uzuri wa nje, angalia prosesa, maana ndiyo inayofikiri. Akasema ongeza pesa kidogo, achana na prosesa ya Pentium, chukua i3 ya miaka ileile. Mimi nikasema huo ni ushamba. Zote za zamani, zote zina viini viwili, zote zinakaa kwenye soketi moja. Tofauti ni bei tu! Nikaandika kwa herufi kubwa: NITAKUONYESHA. (Mkiniona tena naandika kwa herufi kubwa, ninyang'anyeni simu.)

Sasa katika siku zote alizoumba Mungu, nikachagua kumwonyesha leo asubuhi.

Leo wakwe kutoka Ngagara walikuwa wanakuja kwetu Nyakabiga kumposa dada yangu Zuhura. Baba yetu ni marehemu, kwa hiyo wa kusema ndiyo ni baba mdogo Swedi, na baba mdogo yuko Kanada, anaendesha basi. Tulipanga aonekane kwa video kwenye televisheni ya sebuleni, kupitia kompyuta yangu, ile ninayochapia watu barua. Mama hakuwa na haja na pilau wala mapambo. Alitaka kumsikia Swedi akizungumza, maana sauti yake na ya marehemu ni moja.

Nikafungua kompyuta. Nikaitoa i3, nikaiweka kwenye kisahani cha chai, pale pale kwenye meza ya jikoni. Nikapachika Pentium niliyoitoa kwenye mashine iliyokufa, nikapaka ile dawa ya kijivu ya kupunguza joto, nikarudisha feni, nikawasha. Nikafungua barua, ikafunguka. Nikafungua picha, ikafunguka. Nikamwandikia Désiré: “Unaona? Sawasawa!”

Akajibu: “Jaribu kitu kizito.”

Nikamtumia vikaragosi vya kucheka. Zuhura akatokea na hina mbichi mikononi, akaona matumbo ya kompyuta mezani.

“Kaka, unafanya je? Leo?”

“Niko naiongezea nguvu.” (Uongo. Nilikuwa nimeipunguzia.)

“Irudishe vile ilikuwa, tafazali.”

“We tulia. Mi ndo fundi.”

Kidogo niirudishe. Kweli, bisibisi ilikuwa mkononi. Lakini nikawaza kwamba sherehe nzima ikipita na Pentium, Désiré atakosa pa kuficha uso. Nikaiacha.

Alasiri wakwe wakafika. Msemaji wao alikuwa Mzee Rajabu, mtu mwenye maneno matamu na kofia iliyotariziwa. Nikawasha video, nikawasha na kurekodi, ili tuwe na kumbukumbu. Baba mdogo akatokea kwenye televisheni, mkubwa, amevaa sare ya kazi kwa sababu alikuwa anatoka hapo kwenda zamu. Aliposema “Asalaam alaykum” mama akashika shavu.

Posa za kwetu mnazijua. Upande wa binti lazima ujifanye mgumu kwanza. Wageni wanaomba, mnawaambia hapa hakuna binti, wanabembeleza, watu wanacheka, ndipo mnakubali.

Mzee Rajabu akaanza: “Tumezunguka Nyakabiga yote, tunatafuta mutoto mumoja anaitwa Zuhura. Wametuambia iko hapa.”

“Zuhura?” baba mdogo akasema. “Apana! Hapa hatuna mu...”

Akaganda. Mdomo wazi, jicho moja nusu, kidole juu.

Sebule nzima ikacheka. Mchezo si ndio huo! Mzee Rajabu akabembeleza. Baba mdogo kimya. Mzee akamsifu kijana wao: haogopi kazi, swala haimpiti, hata kwa mama yake anaosha vyombo. Baba mdogo kimya, kidole juu.

“Huyu muzee ni mugumu kweli!” akasema Mzee Rajabu kwa heshima kubwa. “Hata macho hapepesi!”

Watu wakapiga makofi. Mzee akafuta jasho, akasimama, akaanza kuiomba televisheni kwa mikono miwili. Mimi pembeni natikisa kipanya. Mshale hausogei. Ikabidi niusingizie mtandao.

“Ni réseau.”

Kijana mwenyewe anayeposa, mpole kabisa, akatazama simu yake. “Réseau iko bien,” akasema. “Mi niko kwa wifi yenu.”

Wote wakanigeukia. Nikampigia baba mdogo, simu ikaita tu. (Baadaye alisema aliinyamazisha kwa heshima ya wageni.) Nikaizima kompyuta kwa nguvu. Kuiwasha tena na ile Pentium sikuthubutu. Nikakimbilia jikoni kuchukua i3.

Kisahani hakipo.

“Kisahani cha hapa?” mashangazi wakasema. “Tumetilia karanga. Kiko kwa wageni.”

Kilikuwa mbele ya Mzee Rajabu, anajiliwaza. Nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kuchambua karanga.

“Unatafuta nini, mwanangu?”

“Prosesa, Baba.”

“Ni dawa?”

Akanisaidia kutafuta! Msemaji wa wakwe, na kofia yake, kichwa chini kwenye karanga, mpaka akaiinua kwa vidole viwili. “Hii?” Nikaifuta chumvi, nikaifungua kompyuta mbele ya watu wote, dawa ya kijivu ikaenea kwenye kanzu nyeupe kuanzia kifuani mpaka mikononi. Nikawasha. Jamani, i3 ilifanya kazi! Picha safi, mshale unateleza. Ikatuonyesha vizuri sana kwamba baba mdogo ameshaondoka. Tukapiga simu yake, imezimwa. Yuko kwenye usukani.

Wakwe wakasubiri. Pilau likapoa, fanta zikapata moto. Hakuna aliyejua kama tumekataa au tumekubali. Zuhura alikuwa chumbani na shela yake, na mimi sikuthubutu hata kupita mlangoni.

Karibu na magharibi baba mdogo akapiga, yuko kwenye mapumziko. Tukaweka sauti kubwa.

“Mulipenda maneno yangu juu ya marehemu Kaka?”

Kumbe upande wake sisi tulionekana tumetulia tuli, akadhani tumeguswa. Akaendelea. Alieleza siku Zuhura alipozaliwa, na vile baba alivyombeba nyumba kwa nyumba akimwonyesha kwa majirani. Akalia. Akasema ndiyo, akaomba dua, akakimbilia basi lake. Yote hayo aliiambia picha yetu iliyoganda.

Mama akachukua simu. “Swedi, yaseme tena, kama vile uliyasema.”

“Shemeji, yale yalitoka mara moja. Hapa niko katikati ya abiria.” Akaongeza: “Ndiyo, nasema. Mutoto ni wenu. Bassi.”

Vigelegele! Alhamdulillahi, Zuhura ameposwa. Mzee Rajabu akanipa mkono, akaondoka na dawa yangu ya kijivu kiganjani.

Wageni walipoondoka Zuhura alinitazama tu. “Siku zote uliziona, ukachagua hii,” akasema. Mama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliniuliza kama kompyuta imeshika chochote, nikamfungulia ile rekodi. Inaanza na salamu, inaishia kwenye “Apana”. Nikataka kuizima, akanizuia mkono. Akaisikiliza yote. Kisha akasema nirudishe mwanzo, kwenye salamu.

“Ni yeye kabisa,” akasema.

Najuta, jamani. Sina neno la kuchekesha la kuweka hapo.

Désiré ameniandikia sasa hivi anauliza ipi imeshinda. Ni i3, ndugu yangu, ulisema kweli. Siku ya harusi kompyuta utashika wewe, mama ameshasema. Mimi nimepangiwa kugawa fanta, na nimekubali, naombeni tu mtakaponiletea glasi msinicheke.